Daftari la Muflisi

Katika mtaa wa Jodenbreestraat, mjini Amsterdam, ipo nyumba aliyoinunua mchoraji Rembrandt mwaka 1639 kwa gilda 13,000, fedha asizokuwa nazo mkononi. Deni hilo, pamoja na uraibu wake wa kununua vitu vya tunu minadani, lilimfikisha kwenye kufilisika mwaka 1656, ndipo makarani walipoingia, wakapita chumba hata chumba wakisajili daftarini picha, silaha na makombe ya baharini, wasisahau hata mashati na leso ambazo, kwa kuwa hazikuwapo machoni pao, waliandika kwamba zasemekana ziko kwa dobi. Mwaka 1658 nyumba ikanadiwa, naye akahamia nyumba ya kupanga.

Nyumba hiyo ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1911, na mwishoni mwa karne ya 20 vyumba vyake vikapambwa upya kwa kulifuata daftari lile lile la wadai. Hapo ndipo swali linapozuka: je, ni halali kumwonyesha mzuru kitanda cha kabati ambacho Rembrandt hakukilalia, na sufuria asizozijua?

Wapo wasemao kuwa huo ni mchezo wa kuigiza, na kwamba heshima ya msanii imo katika kazi zake tu. Hoja yao ina uzito. Lakini apandaye hadi chumba cha kazi, akaona rangi ya unga ikisagwa kwa mafuta ya kitani juu ya jiwe, na mwanga tulivu wa kaskazini ukiingia dirishani, hufahamu jambo ambalo picha iliyotundikwa ukutani haimwambii: kwa nini vivuli vya mtu huyu vikawa vizito hivyo. Mwanga huo wadai hawakuweza kuunadi. Na chapa zake za bamba la shaba, zinazohifadhiwa humo kwa mamia, ni kazi za mkono wake bila shaka.

Kwa hiyo sioni ubaya wa kukipamba chumba, maadamu mzuru haambiwi kuwa cha kuazima ni cha asili. Karani wa mwaka 1656, aliyeandika kwa ajili ya wadai wasio na huruma, hakuthubutu kuyashuhudia mashati asiyoyaona. Aliandika "yasemekana" akapita. Mhifadhi wa makumbusho naye na aandike hivyo hivyo kando ya kitanda.