Mtoto Huyu Hasikii

Saa tano na nusu usiku wa Desemba 31. Kanisa limejaa hadi kwenye turubai la nje, na wazee wawili wanapita katikati ya viti wakiwa na kikapu. Ndani yake mna vikaratasi vilivyokunjwa mara mbili. Kila muumini anachomoa chake, anakifungua taratibu kama mtu anayefungua matokeo ya mtihani, kisha anasoma "neno" alilopewa na Mungu kwa mwaka unaoingia. Mama mmoja anakibusu na kukitia kwenye pochi. Kijana wa nyuma yake anaguna: amepata mstari wa Maombolezo. Anatazama huku na huku, anakisubiri kikapu kirudi, anakitumbukiza kile cha kwanza na kuchomoa kingine.

Mikesha ya namna hii ni mingi, na haina dhehebu moja. Wala kijana yule si wa kuchekwa sana, kwa kuwa alichofanya yeye kwa vidole, Wakristo wengi hukifanya kwa macho kila siku. Hufungua Biblia, huruka kinachochoma, hutua panapobembeleza. Kisha husema Mungu amesema nao.

Katika mistari inayobembeleza, hakuna unaoishinda Yeremia 29:11. Umebandikwa nyuma ya daladala, umechapwa kwenye fulana za mahafali, umo kwenye kadi za harusi na katika salamu za WhatsApp za alfajiri. Ni mstari ambao Mungu anawahakikishia watu wake kwamba anawawazia mema na kuwawekea tumaini mbele yao. Nani asiyeutaka?

Mstari huo, hata hivyo, umetoka kwenye barua, na barua ina wenyewe. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu kwenda kwa Wayahudi ambao Nebukadreza alikuwa amewachukua mateka hadi Babeli, mwaka 597 kabla ya Kristo. Wajumbe waliotumwa na mfalme wa Yuda, Elasa na Gemaria, ndio walioibeba. Wale mateka walikuwa wakingoja habari moja tu: lini tunarudi? Barua inawaambia wajenge nyumba hukohuko ugenini na kukaa ndani yake. Wapande bustani wale matunda yake, waoe, waoze watoto wao, wauombee amani mji uleule uliowateka. Mstari wa 10 unataja muda: miaka 70. Ndipo unafuata ule wa 11 unaopendwa. Mtu aliyekuwa na miaka 30 siku barua iliposomwa alikuwa na hesabu nyepesi ya kufanya: yeye hatarudi. Tumaini ni la kweli, ila litafikiwa na wajukuu, na kazi yake yeye ni kupanda miche.

Sura inayotangulia inaongeza uzito. Kulikuwa na nabii mwingine, Hanania wa Gibeoni, aliyesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba nira ya Babeli imevunjwa na ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi, mateka na vyombo vya hekalu. Aliichukua hata nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja hadharani. Unaweza kuyasikia makofi. Yeremia hakubishana. Kwanza alisema amina, Bwana na afanye hivyo, halafu akaenda zake. Baadaye, neno lilipomjia, ndipo aliporudi na kumwambia Hanania kwamba hakutumwa na kwamba anawatumainisha watu uongo. Hanania aliyeahidi miaka miwili alikufa baada ya miezi miwili.

Sasa chukua mstari wa 11 peke yake, uutoe kwenye barua, uuchape kwenye kikaratasi na kuutia kikapuni. Maneno ni ya Yeremia, ila ujumbe umegeuka kuwa wa Hanania.

Kiswahili kina akili zake katika jambo hili. Mswahili husikia kwa masikio, lakini pia husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa. Akiuliza kama mgeni anasikia Kiswahili, haulizi habari za masikio yake; anataka kujua kama anaelewa. Na mama anayemlalamikia jirani kwamba mtoto huyu hasikii hana mpango wa kumpeleka hospitali. Mtoto amesikia kila neno alilotumwa. Hakwenda, basi. Kiebrania nacho kina tabia hiyohiyo: kitenzi shama ni kusikia, ni kuelewa, na ni kutii, na ndicho kinachofungua kauli ya Kumbukumbu la Torati 6 ambayo Wayahudi huikariri asubuhi na jioni. Kwa hiyo Mkristo wa pwani au wa bara anayesema amesikia sauti ya Mungu katika Neno, lugha yake mwenyewe inamdai jibu: umesikia kisha ukafanya nini?

Na Neno lenyewe halikufika katika lugha hiyo kwa urahisi. Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844 na mwaka huohuo akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na mwanazuoni wa Kiislamu, Sheikh Ali bin Mueddin wa Barawa. Mwezi Julai alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Huko Unguja, Edward Steere na wenzake walishughulika na Kiunguja, na Biblia nzima ya lahaja hiyo ikatoka mwaka 1891. Ya Kimvita ikafuata mwaka 1914. Karl Roehl alitoa yake mwaka 1937 akijitahidi kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, jambo ambalo Waswahili wengi waliliona la ajabu, na sijui nani angewalaumu. Tafsiri ya Muungano, ile ambayo bibi na babu wengi wameishika hadi gamba limechakaa, ilikamilika mwaka 1952. Karibu miaka mia moja na kumi tangu Krapf achovye kalamu. Watu waliotumia muda wote huo kubishana juu ya neno moja moja hawakuifanya kazi hiyo ili msomaji aokote sentensi moja na kuiacha sura.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumwekea Mungu mipaka. Kwamba anaweza kumgusa mtu kwa mstari mmoja tu. Wana haki, na Afrika ndiyo yenye mashahidi. Yapata mwaka 270, kijana wa Misri aitwaye Antoni aliingia kanisani Injili ya Mathayo ikisomwa, pale Yesu anapomwambia tajiri auze alivyo navyo awape maskini. Alitoka, akagawa mashamba ya urithi wake, na hatimaye akaenda kuishi jangwani. Mwaka 386, Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, alikuwa bustanini Milano akilia. Alisikia sauti kama ya mtoto ikimhimiza achukue asome. Akazifungua nyaraka za Paulo, macho yakaangukia Warumi 13, akasoma sentensi chache akafunga.

Ila waangalie vizuri hao wawili. Kwa Agostino ile haikuwa bahati nasibu ya usiku mmoja. Alikuwa amekwisha kuyasikiliza mahubiri ya Askofu Ambrosi kwa muda mrefu, na nyaraka za Paulo alikuwa akizisoma siku zile. Tena kilichomwangukia hakikuwa ahadi ya gari wala safari. Yalikuwa maneno yaliyomkata palepale alipokuwa akikwepa miaka yote, kwenye tamaa za mwili. Rafiki yake Alipio aliomba aoneshwe mahali hapo, akasoma mbele kidogo, akaona mstari uliomfaa yeye. Antoni naye aliondoka kanisani akiwa maskini kuliko alivyoingia. Kama kuna kipimo cha kutambua sauti ya Mungu na mwangwi wa matakwa yetu wenyewe, basi hicho ni cha kuanzia: je, Neno limemgharimu msomaji chochote?

Wazee wa uamsho wa Afrika Mashariki walikijua kipimo hicho bila kukiandikia kitabu. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Moto uliofuata ulivuka mipaka hadi Burundi, Tanganyika na Kenya. Alama yake kubwa haikuwa kupiga kelele, ingawa kelele zilikuwepo. Watu walirudisha vitu. Aliyeiba kwa mwajiri alikwenda kulipa, aliyemchukia ndugu alikwenda kuomba msamaha, Mwafrika na mmisionari wakaungamiana dhambi zao. Na miaka ya 1950, katikati ya vita vya Mau Mau, wengi wa ndugu hao huko Kenya ya kati walikataa kula kiapo na wakakataa vilevile kushika silaha, na baadhi yao waliuawa kwa ajili hiyo.

Leo mahali pa kuutafuta usikivu wa namna hiyo si lazima pawe uwanja wa mikutano. Mara nyingi ni sebule ya mtu. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao, AMECEA, walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na nyingi hutumia njia ya hatua saba iliyotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Njia yenyewe haina maajabu. Viti vya plastiki vimeazimwa kwa majirani, mishumaa miwili mezani, chai inanukia tangawizi jikoni. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi. Mwingine anasoma Injili kwa sauti. Halafu kila anayetaka anataja neno au kifungu kilichomgusa, bila mahubiri, analirudia mara tatu huku wengine wakinyamaza. Muuza genge anasema, "wenye njaa." Kimya. "Wenye njaa." Kimya tena. Mwalimu mstaafu aliyekuwa na hoja yake tayari anagundua kwamba si zamu ya hoja. Baada ya kimya cha pamoja ndipo watu hushirikishana, na hatua ya sita huuliza swali linalowapa wengi kikohozi: basi, tufanye nini wiki hii, nani atakwenda, lini?

Hatua hiyo ya sita ndiyo hufa kwanza. Muda umekwisha, mweka hazina anafungua daftari, na nusu saa inayobaki inaliwa na michango ya ujenzi. Kila mwanajumuiya anajua hili na kila mmoja hucheka likitajwa. Ni kicheko cha watu wasiosikia, kwa maana ile ya mama na mtoto wake.

Hata hivyo, mduara wa sebuleni una kinga moja kubwa: kila mtu ana kitabu mkononi. Msemaji akipotoka, kuna bibi atakayevaa miwani na kusema mbona hapa hapajaandikwa hivyo. Kinga hiyo ikiondoka, mtu mmoja akabaki ndiye sikio la wote, mambo huharibika. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023, msitu wa Shakahola huko Kilifi ulianza kufukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa. Waendesha mashtaka wanadai waumini walihimizwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu, na mhubiri anayeshtakiwa amekana. Mahakama itaamua lake. Lakini ndugu wa marehemu hawana haja ya hukumu ili kujua kwamba jamaa zao waliacha kujisomea wakaanza kusomewa.

Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 3, kina mfano wa kiongozi anayefaa, na la kushangaza ni kwamba ni Eli, mzee aliyeshindwa kuwarudi wanawe. Mtoto Samweli anaitwa usiku, anadhani ni mzee, anakimbilia kwake mara tatu. Eli alikuwa na nafasi nzuri ya kujifanya mkalimani wa mbingu. Alimwambia mtoto arudi akalale, na akiitwa tena aitike mwenyewe. Asubuhi aliutaka ujumbe wote, asifichwe hata neno. Ujumbe ulikuwa hukumu juu ya nyumba yake, naye aliupokea. Wachungaji wangapi wa mjini wangemrudisha Samweli kitandani?

Mkesha mwingine hauko mbali, na vikapu vitapita tena. Si lazima vizuiwe. Wenye makanisa wangeweza tu kuongeza jambo moja kabla ya kengele ya saa sita: msomaji mwenye sauti nzuri asimame, taa zibaki zimewaka, na kila mwenye Biblia afuatishe. Yeremia sura ya 28 ina mistari 17, na ya 29 ina mistari 32. Zikisomwa zote mbili kwa sauti, bila haraka, hazizidi robo saa.