Saa ya Kuingilia Kazini Si Meneja

Leo nina ugomvi na watu wa kazi yangu, yaani sisi waandishi wa programu. Tumewauzia wenye kampuni za huduma za nyumbani saa ya kuingilia kazini, tukaipa jina kubwa: mfumo wa kusimamia ubora. Wao wakanunua, wakashusha pumzi. Mzee aliye kitandani hajapata chochote.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: mhudumu huenda nyumbani kwa mzee au mgonjwa, humwogesha, humlisha, humkumbusha dawa, humgeuza ubavu asipate vidonda vya kulalia. Ndugu zetu wengi walioko Marekani na Uingereza wanakula kwa jasho hili. Hospitalini muuguzi mkuu hupita wodini na kuona kwa macho yake. Nyumbani, mlango ukishafungwa wamebaki wawili, na huenda mmoja hawezi hata kusema. Msimamizi anasimamia asichokiona. Hapo ndipo sisi tulipojitokeza na rununu zetu.

Tutazame Marekani. Sheria iitwayo 21st Century Cures Act, ya Desemba 2016, iliyataka majimbo yathibitishe kwa njia ya elektroniki ziara za huduma za nyumbani zinazolipiwa na Medicaid. Mfumo lazima unase mambo 6:

1. Aina ya huduma
2. Anayehudumiwa
3. Tarehe
4. Mahali
5. Mhudumu
6. Saa ya kuanza na ya kumaliza

Jimbo lisilotii hupunguziwa fedha za serikali kuu. Sasa isome tena orodha hiyo kama unavyosoma jedwali la hifadhidata. Iko wapi safu ya "alikula"? Iko wapi "kidonda kimeongezeka"? Iko wapi "binti yake alilalamika Jumanne na hajajibiwa"? Hakuna. Hilo ni jedwali la malipo. Silipingi, maana wizi wa fedha za umma upo, na mhudumu asiyefika ni hatari. Lakini risiti ni risiti tu. GPS inajua kwamba simu iko kwa mzee. Haijui kama mwenye simu ameketi sebuleni anatazama televisheni.

Tena kuna madhara. Mhudumu aliyekawia dakika 10 kwa sababu mzee anameza uji polepole anatokea na rangi nyekundu kwenye skrini. Aliyeondoka kwa wakati na kuacha bakuli limejaa ana kijani. Meneja anayeongoza kwa rangi atamkaripia yule mwema. Baada ya muda atabaki na wale wa kijani tu.

England wana swali bora. Tume ya CQC hukagua watoa huduma kwa maswali 5: je, huduma ni salama, inafaa, inajali watu, inaitikia mahitaji yao, na inaongozwa vyema? Hilo la mwisho ndilo mzizi. Kampuni ya huduma za nyumbani kwa kawaida hutakiwa kuwa na meneja aliyesajiliwa kwa jina lake, anayebeba jukumu la kisheria. Kanuni za 2014 zinadai kampuni ipime ubora, itafute maoni na kuyafanyia kazi.

Najua mtaniuliza, mbona CQC yenyewe iliyumba? Iliyumba kweli. Ripoti ya Penny Dash ya 2024 ilikuta ukaguzi umepungua na kwamba watoa huduma wengine hawajawahi hata kupewa daraja. Ikataja mfumo mpya wa tarakilishi ulioanza 2023 na kuleta matatizo makubwa, na pia kupotea kwa utaalamu wa sekta kulikofuata mabadiliko ya muundo. Mnaona? Mfumo uliingia, wajuzi wakapungua. Hakuna msimbo ulioziba pengo hilo.

Basi tuandike nini? Haya matatu yanatosha kuanzia.

Kwanza, ziara ikikosekana, programu imwite mtu mmoja mwenye jina, papo hapo. Isisubiri ripoti ya mwisho wa mwezi.

Pili, kila lalamiko lionyeshe liko kwa nani, tangu siku gani, na limemalizwa vipi. Anayelalamikiwa asiweze kulifunga.

Tatu, na hili ndilo wateja wetu hawatalipenda: skrini ionyeshe meneja mwenyewe amebisha hodi kwenye nyumba ngapi mwezi huu bila kutoa taarifa, na aliyehudumiwa alimwambia nini. Kama mhudumu wa mshahara mdogo anafuatwa kwa setilaiti, bosi naye aonekane.

Wenzangu wa Nairobi mnaotaka kuleta mifumo hii hapa kwetu, kabla ya kuandika hata mstari mmoja, muulizeni mwenye kampuni: saa mbili usiku, mzee hajafikiwa na mtu tangu asubuhi, nani atashika simu na nani atakwenda? Akikupa jina, keti naye mfanye kazi. Akikuambia "mfumo utashughulikia", funga tarakilishi yako uende zako. Huyo anatafuta wa kumsingizia siku mambo yakiharibika, na wa kusingiziwa utakuwa wewe.