KALALA SHARJAH, KAPIGA PICHA DUBAI: KOSA LIKO WAPI?

Wiki hii mmemsema sana yule msanii, jina kapuni. Katupia picha mbele ya Burj Khalifa, mkampa maua yake. Halafu mwenye macho makali akagundua kwenye video nyingine kwamba hoteli yake iko Sharjah. Ikawa kesi! "Kumbe Dubai ya uswahilini!"

Ukweli usemwe, hapa washamba ni sisi.

Umoja wa Falme za Kiarabu una falme 7. Dubai ni moja tu. Sharjah na Ajman ni majirani zake, na majengo yameungana, ukitoka Deira kwenda Sharjah unaweza usijue umevuka saa ngapi. Watu kibao wanafanya kazi Dubai na kulala huko kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu. Jioni foleni ya kurudi Sharjah, hata mtu wa Mbagala angeomba poo.

Na siyo pa kulala tu. Ukienda Dubai, siku moja ipeleke Sharjah. Kuna Makumbusho ya Ustaarabu wa Kiislamu, ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa soko. Msikiti wa Al Noor unapokea wageni hata wasio Waislamu. UNESCO iliuteua mji huo kuwa Mji Mkuu wa Vitabu Duniani wa mwaka 2019. Ajman ndiyo ndogo kuliko falme zote, ila ufukwe wake mtamu. Jua tu kwamba Sharjah pombe haiuzwi, mavazi ni ya heshima, na mwezi wa 7 na wa 8 joto linapita nyuzi 40, mchana kaa ndani.

Halafu hilo ghorofa lenyewe la mita 828 mnalolisujudia, lilikuwa liitwe Burj Dubai. Mwishoni mwa 2009 Dubai ilikwama kwenye madeni, Abu Dhabi ikaiokoa kwa dola bilioni 10. Januari 2010 jengo likazinduliwa kwa jina la Khalifa, mtawala wa Abu Dhabi wakati huo. Yaani Dubai yenyewe ilishabebwa na jirani. Sembuse msanii wa Bongo?

Kwa nini nimelivalia njuga? Nina jamaa yangu wa hapa Nduguti, alikuwa mlinzi Dubai. Alikuwa analala Sharjah, chumba kimoja na wenzake. Miaka miwili hakutuambia. Siku ya mapumziko anapanda basi kwenda mjini kupiga picha, ananunua na viatu vya kupigia picha, ili tusimcheke. Huku nyumbani mama yake anauza vitunguu kulipa deni la safari. Amerudi hana hata hela ya bati. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wanamwandikia, "Oya, tupia ghorofa tulione!"

Tukimcheka anayelala Sharjah, tunamfundisha kudanganya, na uongo una gharama. Kwani wewe unayekaa Chanika na picha zote za Masaki, nani amekuuliza?

Binafsi, nikipata nauli nalala Sharjah, na nitawaambia.

Wewe je, ungesema ukweli? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana.