Mtepe wa Kutazama Tu

Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka Unguja Desemba 2020, watu walililia jengo, na walikuwa na haki. Ni jumba la Sultani Barghash, la mwaka 1883, na lilipoanguka lilichukua roho za watu. Lakini ndani ya makumbusho ya jumba lile kulikuwa na kitu ambacho nina ugomvi nacho tangu kabla ukuta haujapata ufa: mtepe. Uliundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa ukubwa wake halisi, kisha ukawekwa ukumbini, chini ya paa. Wageni wakauzunguka, wakapiga picha, wakaenda kunywa juisi ya miwa Forodhani. Tukaambiwa tumehifadhi urithi.

Tumehifadhi nini hasa?

Mtepe ni chombo cha kazi. Wabajuni wa visiwa vya Lamu walikuwa wakipakia boriti za mikoko na kushuka nazo kusini wakati wa kaskazi, na kusi ikiingia wanarudi. Hakuna msumari hata mmoja wa chuma. Mbao zilitobolewa kandokando, zikaunganishwa kwa vijiti vya mti, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lilikuwa la mraba, la ukili uliosukwa, si lile la pembe tatu tunalolijua kwenye jahazi. Omo yake ilichomoza mbele ndefu kama shingo ya ngamia, na wapo waliosema ni kumbukumbu ya ngamia wa Mtume. Ilichorwa macho, ikavishwa shada. Ule mwongozo wa mabaharia wa Kiyunani, Periplus, ulioandikwa miaka karibu 2,000 iliyopita, unataja vyombo vya kushonwa kwenye pwani yetu hii hii, na jina la mji wa Rhapta unahusishwa na kushona huko. Ufundi wa umri huo ulidumu mpaka karne ya 20, halafu ukazimika mikononi mwa watu ambao wajukuu zao wangali hai.

Na jambo moja ambalo vibao vya makumbusho havipendi kulitilia mkazo: mtepe ulikuwa unavuja. Unavuja kwelikweli. Njia nzima kulikuwa na mabaharia ambao kazi yao ni kukumba maji ya ngama, usiku na mchana. Ila kwa sababu umeshonwa, ulikuwa unanyumbuka. Unapanda ufukweni, unagonga mchanga, mbao zinacheza kidogo na chombo hakipasuki. Kuvuja na kunyumbuka ni kitu kimoja, huwezi kukipata hiki bila kile. Sasa nionyeshe, ndani ya ukumbi mkavu, mahali pa kuliona hilo.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Chombo cha mbao kikikaa nchi kavu miaka na miaka, mbao husinyaa na maungio hufunguka. Cha kushonwa ndiyo zaidi, maana kilikuwa kikikaguliwa na kushonwa upya kila mara kama sehemu ya maisha yake. Ukikiweka ndani umekiondolea fundi. Na fundi akishaondoka, mkono wake hauna wa kumrithi. Leo kijana wa Lamu anayetaka kujua babu yake alishonaje mtepe itabidi asome makala ya Mwingereza James Hornell au vitabu vya Mholanzi A.H.J. Prins. Nawashukuru hao wawili, jamani, bila wao tungekuwa gizani. Lakini hali yenyewe ni aibu.

Najua nitajibiwa kwamba hakuna pesa. Hebu tazama kilichotokea Lamu hapo hapo mwaka 2018. Mafundi waliunda dau la plastiki iliyookotwa, Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Dunia nzima ikapiga makofi. Nami nilipiga, kwa sababu fukwe zetu zimejaa uchafu kweli na ujumbe ule ulikuwa wa maana. Ila jibu limeshapatikana: mafundi wapo, njia ya baharini ipo, na pesa hupatikana pale mtu anapoamua kwamba jambo lina maana. Kwa plastiki tuliamua. Kwa kamba ya nazi tunaambiwa subiri bajeti.

Au tuwatazame Waomani, ambao Zanzibar hawahitaji kutambulishwa. Waliunda Jewel of Muscat, jahazi la kushonwa kwa kufuata mabaki ya meli ya karne ya 9 iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Hawakukimbilia kuliwekea paa. Februari 2010 liling'oa nanga Muscat, na Julai likafika Singapore, ndipo likaingia makumbusho. Njiani milingoti ikapata nyufa, ikabidi ibadilishwe Sri Lanka. Mtu wa ofisini ataita hiyo hasara. Mimi naona kwamba safari ile iliwafundisha kuhusu milingoti jambo ambalo mchoro usingewafundisha kamwe.

Kuna anayesema, kwa nini kung'ang'ania chombo ambacho jahazi lenye misumari lilikishinda kwa haki? Kweli lilikishinda. Lakini jahazi nalo sasa linashindwa na boti za faiba na injini, na mafundi wa Matondoni wanaona kazi ikipungua mbele ya macho yao. Tutasubiri libaki jahazi moja, nalo tulisimamishe ukumbini?

Beit al-Ajaib likisharejeshwa kikamilifu, mtu atapendekeza mtepe urudishwe ukumbini. Mimi nasema pesa hiyo iende Faza, Siyu na Kizingitini, iwalipe mafundi waushone mwingine mbele ya vijana, wakosee, wafumue, washone tena. Kisha upakiwe boriti, ungoje kaskazi, ushuke mpaka Unguja na watu wa kukumba maji ndani yake. Ukichakaa baada ya miaka kadhaa, uachwe uchakae, na vijana wale wale wapewe kamba waanze mwingine.