Mchango wa kilio unaosomesha binti



Juma hili tunawaletea habari ya binti wa mwalimu. Kathleen Ferrier alizaliwa mwaka 1912 katika kijiji cha Higher Walton, Uingereza, ambako baba yake alikuwa mkubwa wa shule. Alijua piano vizuri, lakini feza za nyumbani hazikutosha. Akiwa na miaka 14 aliacha masomo, akaingia kazi ya kuunganisha simu katika mji wa Blackburn. Mama mwenye binti aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali anaujua uchungu huo.

Mwaka 1937 bwana yake alimwekea dau la shilingi moja kwamba hatathubutu kuimba kwenye mashindano ya Carlisle. Aliingia kwa piano na kwa sauti, akashinda yote mawili. Sauti yake nzito ikamfikisha kwenye opera, ule mchezo ambao watu wanaimba badala ya kusema.

Mwaka 1951 waganga walimkuta na kansa ya ziwa. Alipasuliwa, akarudi kuimba. Februari 1953, jukwaani London, mfupa wa paja ukavunjika katikati ya mchezo. Aliimba mpaka mwisho. Alifariki tarehe 8 Oktoba mwaka huo, akiwa na miaka 41.

Rafiki zake wanamuziki walimlilia, kisha wakafungua mfuko wa feza kwa jina lake. Tangu mwaka 1956 waimbaji vijana wanashindana kila mwaka, na washindi wanapata feza za kuendelea mbele. Msaada ambao yeye mwenyewe hakuupata ujanani, leo wengine wanaupata kwa jina lake.

Na sisi? Mwenzetu akifariki tunachanga sanduku, chakula na vitenge vya kufanana. Hatusemi tuache, marehemu anastahili heshima. Lakini tukitenga sehemu ndogo ya mchango huo, tunaweza kumlipia binti mmoja muhula mmoja kwa jina la marehemu. Kama alikuwa mshonaji, tumsaidie binti anayejifunza kushona. Kama alikuwa mwimbishaji wa kwaya, tumtafute mtoto mwenye sauti.

Tunajua mtauliza: nani atashika feza? Tufanye kama kwenye likelemba zinazodumu: sanduku lenye kufuli tatu, na wamama watatu, kila mmoja na ufunguo wake. Feza zilipwe shuleni moja kwa moja, na risiti isomwe mbele ya wote.

Neno la mwisho: mama ukisikia uvimbe kwenye ziwa, hata kama hauumi, usingoje. Nenda kituo cha afya juma hili hili. Tunapenda kusomesha watoto pamoja nawe kuliko kwa jina lako.

Mpaka juma lijalo.