Kabla bunduki kuukuu hazijatiwa motoni

Tarehe 15 Novemba 2016, William Ruto, wakati huo Naibu Rais, aliwasha moto pale Ngong uliochoma bunduki haramu 5,250. Juni 2021 zikafuata nyingine 5,144. Kila silaha iliyoungua siku hizo haitamwua tena mfugaji malishoni wala abiria barabarani, na serikali ilifanya vyema kuzichoma hadharani ili kila mtu aone. Ninachodai hapa ni jambo dogo. Kabla moto mwingine haujawashwa, mwanahistoria na fundi wa silaha wapitie lile rundo kwanza. Zile chache zenye umri na kisa zitolewe kando, zilemazwe zisiweze kufyatua tena milele, kisha ziwekwe mahali ambapo mwananchi wa kawaida ataziona bila kulipa nauli ya Nairobi. Nikiulizwa pa kuanzia, nitataja Chepilat, soko lililo kwenye barabara ya Sotik kwenda Kisii, kwenye nchi ya majani chai ambako Bomet inapakana na Nyamira.

Chukua mfano wa bunduki ya Kiitaliano iitwayo Vetterli. Ilipoingia jeshini mwaka 1870 ilifyatua risasi nene ya milimita 10.35 kwa baruti nyeusi, ile yenye moshi mwingi. Mwaka 1887 ikaongezwa kasha la risasi nne. Mwaka 1891 Italia ikapata bunduki mpya, Carcano, yenye risasi nyembamba ya milimita 6.5 na baruti isiyo na moshi, na zile Vetterli zikaanza kurundikwa maghalani. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wakawa wengi kuliko bunduki. Mafundi wakazitoa ghalani, wakaupekecha mtutu wa zamani hadi ukapanuka, wakatumbukiza ndani yake mtutu mwembamba wa chuma wenye tundu la milimita 6.5, wakabadilisha kasha likawa la risasi sita, na kikongwe akarudishwa kazini. Ukimulika tochi kwenye mdomo wa bunduki hiyo unaona miduara miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, na katikati yake mstari mwembamba kama unywele. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo na Martini-Henry zao: walizifunga mitutu mipya ya risasi ndogo, wakaziita Martini-Enfield, na nyingi zikaishia mikononi mwa askari wa makoloni. Mstari ule mwembamba unamfundisha mtazamaji kitu ambacho chuma kilichoyeyuka hakiwezi kumfundisha: bunduki haistaafu. Anayeitaka akikosa risasi zake, huibadilisha mtutu.

Kuna watakaosema hizo ni habari za Ulaya, sisi zinatuhusu nini. Zinatuhusu sana. Italia ndiyo iliyompelekea Mfalme Menelik wa Ethiopia maelfu ya bunduki ikitaka urafiki wake, na tarehe 1 Machi 1896, pale Adwa, jeshi la Menelik likalivunjavunja jeshi la Italia. Julai 1940 Waitaliano waliichukua Moyale, ndani ya Kenya yetu. Mwaka uliofuata majeshi yaliyoondoka Kenya chini ya Jenerali Alan Cunningham, wakiwemo askari wa King's African Rifles, yalipita Somalia, yakaingia Mogadishu tarehe 25 Februari na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Wakipsigis na Wanandi walikuwa wengi katika jeshi hilo. Waitaliano wa mwisho walisalimu amri Gondar mwishoni mwa Novemba 1941. Mateka wao waliletwa huku, nasi tunawakumbuka kwa kanisa dogo la kando ya barabara pale Mai Mahiu na kwa kaburi la kamanda wao, Mtawala wa Aosta, kule Nyeri. Kanisa tumelitunza na kaburi tumelitunza. Bunduki zao, zile zilizoachwa nyikani na kuokotwa na watu wa Ethiopia, Somalia na mipakani, hatukuzifanyia hesabu yoyote ya kumbukumbu, ilhali ni miongoni mwa zilizofungua njia ya silaha haramu tunazozichoma leo.

Hoja ya pili ninayoisikia inatoka upande wa pili kabisa: kama zina thamani ya historia, basi waachiwe wakusanyaji binafsi, kama ilivyo Marekani. Ni kweli kwamba Marekani kuna watu waungwana wanaozijua Vetterli na Carcano hadi alama za kiwandani, na maarifa yao yamesaidia hata majumba ya makumbusho. Lakini tuutazame utaratibu wenyewe. Sheria ya shirikisho kule haiihesabu kuwa bunduki ya kawaida silaha iliyotengenezwa kabla ya 1899. Kwa hiyo Vetterli ya miaka ya 1870, hata ikiwa imetiwa mtutu wa milimita 6.5 wakati wa vita, inachukuliwa kuwa kitu cha kale. Umri umefanywa kuwa cheti cha usalama, nao haufai kwa kazi hiyo. Sehemu ya nyuma ya bunduki hiyo iliundwa kwa nguvu ndogo ya baruti nyeusi, na wakusanyaji wenyewe huonyana wasiipige kwa risasi za sasa, isije ikamlipukia mpigaji usoni. Na isipomlipukia? Mwaka 1938 Italia ilitoa Carcano fupi ya milimita 7.35, na vita vilipoanza ikairudisha kwenye 6.5 ili risasi ziwe za aina moja. Moja ya hizo fupi, iliyotengenezwa Terni mwaka 1940, iliuzwa na duka la Chicago kwa njia ya posta kama masalio ya vita, dola 19.95 pamoja na darubini yake. Novemba 1963, mjini Dallas, ikamwua Rais John F. Kennedy.

Kwetu hatari ingekuwa kubwa zaidi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila mwenye bunduki awe na cheti, na sioni sababu ya kuilegeza kwa ajili ya mapambo ya sebuleni. Siku soko la vitu vya kale litakapoanza kulipa vizuri, aliyeficha bunduki ya babu yake chini ya dari hatasalimisha chochote serikali itakapotangaza msamaha. Atangoja mnunuzi. Mkusanyaji akifa, warithi wake watagawana hata wasichokijua. Chombo cha aina hii mwenyewe wake awe umma, na kiwe kimezibwa mtutu na kuchomelewa komeo.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la watu wa Chepilat wenyewe. Mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, soko lao lilichomwa, na Wakipsigis na Wakisii waliouana pale hawakutumia Carcano. Walitumia mishale, mapanga na kiberiti. Kwa nini basi kuwaletea bunduki za mgeni? Nadhani ni kwa sababu kila upande wa barabara ile unaikumbuka mishale ya jirani vizuri mno, na umesahau kwamba bunduki iliwafikia wote wawili karibu wakati mmoja. Juni 1905 Meja Pope-Hennessy aliongoza msafara wa kuwaadhibu watu wa Sotik. Mwaka huohuo Wakisii nao walitumiwa msafara wao, na mwingine mwaka 1908, baada ya Otenyo, mpiganaji wao, kumchoma mkuki Northcote, ofisa wa kikoloni. Mtoto wa Sotik na mtoto wa Borabu, upande wa Nyamira, wana msiba wa mababu unaofanana, na hakuna chumba hata kimoja pale mpakani unakosimuliwa kwa pamoja. Tena ujuzi wa kugeuza chuma hauko Italia peke yake. Msumari ulionunuliwa dukani kwa ajili ya kujengea nyumba hufuliwa ukawa ncha ya mshale. Ncha hiyo nayo iwekwe palepale, kando ya mtutu wenye miduara miwili, na mwalimu hatahitaji maneno mengi.

Wapo wenye hofu kwamba kuonyesha silaha ni kuitukuza. Hofu hiyo ina msingi ikiwa zitapangwa ukutani kama nyara, zikingʼarishwa mafuta. Hazina haja ya kupangwa hivyo. Zilazwe, zimekatwa, na kando yake yaandikwe majina ya mahali zilipofika na waliouawa huko. Kuhusu fedha, zahanati ikikosa dawa, dawa zitangulie; sibishani na hilo. Ila kuchomelea komeo na kununua kioo kinene hakumalizi bajeti ya kaunti, na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti kazi ya majumba ya makumbusho. Ibara ya 189 inaziruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja. Bomet na Nyamira zinaweza kukodi chumba kimoja sokoni, mlango ukitazama barabara, na Makumbusho ya Kitaifa yakatoa mtaalamu wa kuchagua na kuandika maelezo kwa Kiswahili, Kikipsigis na Kigusii.

Bunduki tatu au nne zinatosha. Ile iliyobadilishwa mtutu ilazwe mdomo ukimwelekea mgeni, kwenye kimo cha macho ya mtoto wa darasa la tano, na taa ndogo ikimulika ndani ili mstari ule uonekane.