Onyesho la ndege kwa skrini: Tusiue raha, tusiue ukweli

Hebu nikuulize. Mara ya mwisho kuona ndege ikitua karibu nawe ilikuwa lini? Kama umekulia huku kwetu Chepilat, jibu lako nalijua hata kabla hujafungua mdomo: ilikuwa chopa ya mwanasiasa. Ilitua kwa uwanja wa shule, vumbi likapanda hadi mbinguni, mama mboga akaacha sukuma zake mezani, na watoto wote wakakimbilia pale pale ambapo askari walikuwa wakipiga kelele, "Rudi nyuma! Rudi nyuma!"

Hilo ndilo onyesho letu la ndege. Lile lenyewe liko Nairobi. Mei 2022 Jeshi la Wanahewa liliandaa moja kubwa pale Uhuru Gardens, na sisi tukaliona kwa simu, vipande vipande, bando likiruhusu. Sikukuu ya Mashujaa ya 2023 ilipoletwa Kericho, watoto wa mtaani kwetu hawakuuliza nani atahutubu. Waliuliza swali moja tu: ndege zitakuja?

Kwa hivyo nikisema kwamba kuna vijana wa huku wanaorusha ndege kwa kompyuta na kuandaa maonyesho yao wenyewe, usicheke. Simuleta ya ndege si lazima iwe ya matajiri. FlightGear ni ya bure tangu miaka ya 1990. GeoFS inafunguka kwa brausa, bila kupakua chochote, na unaona ndege za wengine walio hewani wakati huo. DCS World, ya wapenzi wa ndege za kivita, pia unaipata bure na ndege mbili za kuanzia. Ukiwa na saiba, jostiki moja ya kuazima na marafiki watatu wenye kichwa ngumu, tayari una timu.

Shida huanza hapo. Ukishapata timu, unapata vita: onyesho liwe la kweli kama lile la marubani halisi, ama liwe la raha tu?

Sisi vita hivyo tumevipigana. Jaribio letu la kwanza lilikuwa Jumamosi moja alasiri. Kompyuta tatu za saiba, waya mrefu hadi kwa televisheni ya hoteli ya jirani, na watazamaji waliokuja kwa ajili ya chai na mandazi wakabaki kwa ajili yetu. Mwenzetu mmoja, mtu wa ukweli mtupu, alikataa turuke kabla kila rubani hajasoma orodha yake ya ukaguzi. Mafuta, sawa. Betri, sawa. Usukani, sawa. Halafu redio, kwa lugha ya mnara, kila neno mahali pake. Baada ya dakika ishirini ndege zote zilikuwa bado zimesimama chini. Mzee mmoja kwa meza ya mbele akanigusa bega: "Kijana wangu, hii gari itaondoka saa ngapi?" Alipomaliza chai yake alienda zake, na nusu ya hoteli ikamfuata.

Mara ya pili tukawapa usukani watu wa raha. Maze, dakika tano za kwanza zilikuwa tamu! Ndege ya abiria ikapinduka chali juu ya mashamba ya majani chai. Mwingine akapita chini ya waya za stima. Mwingine akaanguka, akabonyeza kitufe, akawa hewani tena. Ndege mbili zikagongana zikapitana kama mizimu, hakuna aliyekwaruzika. Hoteli nzima ikacheka. Dakika ya kumi kicheko kikaisha. Dakika ya kumi na tano mtu akauliza, kwa heshima kabisa, kama anaweza kuwekewa mpira.

Hayo maanguko mawili yamenifundisha kitu kimoja, na ndicho ninachotaka kukuuzia leo. Watu wa ukweli na watu wa raha wote wanakosea mahali pamoja. Wanadhani ukweli na raha ni maadui. Lakini onyesho la ndege, hata lile halisi, raha yake inatoka wapi? Inatoka kwa hofu. Unashika pumzi kwa sababu unajua yule rubani anaweza kukosea, na akikosea hakuna kitufe cha kurudi. Ukiondoa hiyo hofu, inabaki katuni. Lakini hofu hiyo haitoki kwa orodha ya ukaguzi, wala kwa jostiki ya bei ghali. Inatoka kwa sheria chache sana.

Na sheria hizo zimeandikwa kwa damu. Septemba 1952, pale Farnborough, Uingereza, rubani John Derry alikuwa akigeuza ndege ya DH.110 kuelekea watazamaji ilipovunjika vipande hewani. Yeye na mwenzake walikufa, pamoja na watazamaji 29. Baada ya hapo Waingereza wakaweka mipaka: ndege ya jeti inayopita moja kwa moja ikae angalau yadi 230 kutoka kwa umati, inayogeuka yadi 450, na isishuke chini ya futi 500. Mwaka 1988 huko Ramstein, Ujerumani, ndege za timu ya Italia ziligongana na moja ikaangukia watu. Walikufa 70. Mwaka 2002 karibu na Lviv, Ukraine, walikufa 77. Yule askari wetu wa "Rudi nyuma!" pale uwanja wa shule huenda hajui historia hii, lakini anailinda.

Kuna nyingine inayonisumbua zaidi, ya Shoreham, Uingereza, Agosti 2015. Ndege ya zamani aina ya Hawker Hunter iliingia kwa mzunguko wa kwenda juu, kujipindua na kushuka. Ilipofika kileleni ilikuwa futi 2,700 hivi, na ilihitaji angalau 3,500. Futi 800 zilikosekana. Haikuweza kumaliza kuinuka ikaangukia barabara iliyojaa magari, na watu 11 wakafa. Sasa chukua simuleta, weka mipangilio rahisi kabisa ambapo ndege haichoki wala haianguki, halafu ufanye mzunguko huo. Utafaulu kila siku, na hutawahi kujua kwa nini kilele ni jambo la kufa na kupona. Huo ndio ukweli ninaoutaka kwa onyesho letu. Betri sina haja nayo. Ninataka urefu, kasi, na matokeo ya kukosea.

Huku kwetu tena ukweli huo una ladha ya nyumbani. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Uwanja wa Eldoret uko karibu futi 7,000. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ndogo isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Kwa futi 7,000 umeshapoteza karibu tano moja ya nguvu zote. Bawa nalo linataka kasi zaidi ili libebe. Ile Cessna inayoruka Mombasa kama panzi, ukiiweka kwa uwanja mdogo wa Kerenga, Kericho, jua likiwa kali, inavuta miguu kama matatu iliyojaza kupita kiasi ikipanda mlima. Ukizima hiyo hesabu kwa mipangilio ya simuleta, umefuta kitu pekee ambacho mtoto wa huku anaweza kukijua kuliko mtoto wa London.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa sababu watu wa ukweli mtupu wana dhambi yao, na mimi nimeumwa nayo.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, uzembe wangu ukawa sehemu iliyobaki, sitakudanganya. Siku moja kwa kundi la mtandaoni la wapenzi wa simuleta nilitoa maoni kuhusu namna ya kupanga onyesho. Jamaa mmoja akanijibu: "Wewe hata diploma huna, hata jostiki ya maana huna, utatufundisha nini kuhusu ndege?" Nikatoka kwa hilo kundi. Lakini swali lake nimetembea nalo.

Kwa sababu huyo jamaa hakuwa akilinda ukweli. Alikuwa akilinda mlango. Microsoft Flight Simulator ya 2020 inataka gigabaiti 150 za nafasi kwa kompyuta. Piga hesabu hiyo kwa bando zako za kila siku, uniambie. Ukisema ukweli ni kuwa na hiyo, pamoja na usukani, pedali na skrini tatu, basi ukweli umekuwa jina lingine la pesa. Na tusidanganyane: saa unazorusha kwa kompyuta ya nyumbani hazikupi leseni, uwe na vifaa vya laki tano ama kibodi iliyong'oka herufi. Kwa hilo sisi sote ni watazamaji tuliopewa viti vya mbele.

Tena ukweli mtupu hauwezekani hata ukiutaka. Timu ya Blue Angels ya Marekani huruka ndege zikiwa zimekaribiana hadi sentimita 46 hivi. Sasa wewe uko Chepilat, intaneti yako ina kuchelewa kwa sehemu mbili za kumi ya sekunde. Ndege ikienda kilomita 500 kwa saa, ndani ya muda huo imesonga karibu mita 28. Maana yake mwenzako unayemwona kwa skrini hayuko pale. Unaona alipokuwa, ama mahali ambapo programu inakisia yuko. Akienda moja kwa moja, ukisio unafaa. Akigeuka ghafla, anaruka ruka kama kuku. Hata kompyuta zenu zikiwa meza moja, mkirushia kwa sava ya mtandaoni habari inaenda hadi huko na kurudi. Kwa hivyo anayedai tubebane mbawa kama Blue Angels kwa bando la saiba hadai ukweli. Anadai muujiza.

Tufanyeje basi? Wengine walishatatua nusu ya jambo hili. Infinite Flight, simuleta ya simu, inagawa wachezaji wake kwa sava za Casual, Training na Expert. Kwa ile ya kwanza fanya vituko vyako. Kwa ile ya mwisho ukivunja sheria unaondolewa. Hakuna anayemtukana mwenzake. Kila mtu anajua ameingia chumba gani.

Mbele ya watazamaji, mimi ninapendekeza sheria tatu, na tatu tu. Kwanza, ukianguka umeanguka: unatoka, unaketi, onyesho linaendelea bila wewe. Pili, kuna mstari wa watazamaji kwa ramani, na hakuna anayeelekeza pua ya ndege kwao wala kushuka chini ya urefu mliokubaliana. Tatu, mipangilio ya ndege isiwe ya kudekeza: ikikosa kasi, ianguke. Mengine yote yawe huru. Rusha ndege ya abiria chali ukiweza. Tumia kibodi. Ongea kwa redio Kiswahili, Kipsigis ama Ekegusii. Achia mazoezi na nyumbani kwako orodha ya ukaguzi yenye mistari arobaini, kama unaipenda. Mimi pia naipenda, nikiwa peke yangu usiku.

Tulijaribu hivyo mara ya tatu. Ndege nne, nafasi kubwa katikati yao kwa sababu ya intaneti, moshi wa rangi, muziki wa hoteli. Kijana wa kidato cha pili, mdogo kuliko sisi wote, alikuwa wa mwisho. Alikuwa amefanya mzunguko wake vizuri mara kumi mazoezini. Siku hiyo alianza na kasi ndogo. Mimi niliona kileleni kwamba hatafika, na nadhani yeye pia aliona. Hoteli haikujua hesabu, lakini ilinyamaza. Ndege ikagusa chini. Watu wakapiga "Wooi!" kama mtu amekosa penalti dakika ya tisini. Kijana akatoa mikono kwa kibodi, akasimama, akaenda kuketi kwa benchi, macho kwa sakafu.

Alikuwa na kitufe cha kurudi pale mbele yake. Hakukibonyeza.

Yule mzee wa "gari itaondoka saa ngapi" alikuwepo. Alimsogezea kijana kikombe cha chai, akamuuliza alikosea wapi. Na kijana akamweleza, kwa mikono, kasi ni nini na urefu ni nini, na kwa nini huku kwetu hewa haibebi kama ya Mombasa. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakuna aliyeomba mpira.

Kwa hivyo ukiandaa onyesho lako, uwe Kericho, Kisii ama Kayole, usiniulize kama ni la ukweli ama la raha. Niambie hivi: kwenu, ndege ikianguka, kuna anayeumia moyo? Kama yupo, nitumie saa na mahali. Nitakuja na bando langu.